Kifundo cha Mkono wa Katibu

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ameanguka, akatanguliza kiganja chini, na sasa kila anayeingia mlangoni kumpa pole anamwambia ashukuru, ni mkono tu. Niliambiwa hivyo na watu wengi, na karibu wote walikuwa na mikono miwili mizima, mmoja wameshikia kikombe cha chai yangu.

Mimi ni katibu wa baraza la kata, huku milimani kwa Wamatengo, wilaya ya Mbinga. Kazi yangu ni kuandika kwa mkono yale wanayosema watu wanaogombana: nani kasema nini, mbele ya nani, na nani kamkatiza. Baraza letu halina kompyuta. Lina daftari, kalamu, na mkono wangu wa kulia. Kwa hiyo kwa miezi minane nilikuwa na swali moja tu: mkono huu utaandika tena, au nitakaa nyumbani kama mwanamke asiyeandika na asiyelima? Watu wangu walikuwa na maswali mengine, na nitayaeleza kwa mpangilio yalivyokuja.

Ilikuwa Machi, wakati wa kuandaa ngoro za maharage. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, na ngoro ni mashimo tunayoyachimba yakiwa yamepangana kama sega la nyuki, kila shimo limezungukwa na matuta yaliyofukiwa nyasi ndani. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni na udongo haukimbii. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga. Wanawake huchimba na kufukia. Siku hiyo baraza lilikwenda kuona mpaka unaogombaniwa na ndugu wawili wa baba mmoja. Nilikuwa napita juu ya tuta, daftari kwapani, tuta likameguka. Niliingia shimoni na uzito wangu wote ukatua kwenye kiganja cha kulia. Ndani ya kifundo nilisikia kitu kikihama, kama mlango unaochomoka kwenye bawaba.

Sikuwa nimeinuka bado wakati yule ndugu mkubwa alipoanza.

"Mwenyekiti, umeona mwenyewe. Katibu kaanguka kwenye shimo langu. Liandikwe."

"Lako lini?" akasema mdogo wake. "Shimo hilo mke wangu kalichimba mwaka juzi. Kaanguka kwangu."

"Kwangu."

"Kaka, kaanguka kwangu, hata matope aliyonayo ni ya kwangu."

Wajumbe wakaanza kupima kwa hatua. Nilikuwa nimekaa kwenye maji, nimeshika mkono wangu kama mtu aliyebeba kifaranga. Mama mmoja, mjumbe mwenzetu, ndiye aliyeniangalia mimi badala ya mpaka. Alisema, "Huyu kaumia. Mwenye shimo ndiye atakayempeleka hospitali."

Wajumbe wakaacha kupima. Kisha yule mkubwa akasema, "Kwa kweli, ukilitazama vizuri, hilo shimo liko upande wa mdogo wangu."

"Hapana, kaka. Wewe ndiye mkubwa, mipaka unaijua. Ni lako."

Mwenyekiti, mzee anayependa sana mambo yaandikwe, aliinama ukingoni akaniuliza, "Katibu, hayo umeyapata?"

Nilimwambia kalamu imo matopeni. Laiti ningekuwa na mkono, shauri lile lingeisha palepale, maana kila mmoja alikuwa ameshampa mwenzake shamba.

Zahanati walinifunga bandeji, wakanipa vidonge vya maumivu, wakaniambia nikapige picha mjini. Kesho yake mimi na mume wangu, Baba Faraja, tulishuka Mbinga kwa basi dogo. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi jua lilipotuhama. Mtaalamu wa picha alinilaza kiganja juu ya sahani, akapiga picha moja, akaniambia nitoke. Daktari aliyeisoma aliinyanyulia dirishani.

"Hakuna mfupa uliovunjika, mama. Umeteguka tu."

"Mbona vidole vitatu vimekufa ganzi? Dole gumba na hivi viwili."

"Ni uvimbe. Utapungua."

Hakuvigusa vidole. Alikuwa ameshaandika dawa kabla sijamaliza kuuliza. Nimewahi kuona mashahidi wanaoapa wakiwa wanatazama saa, na yeye alikuwa na jicho hilohilo. Baba Faraja alifurahi. Njiani alimweleza kila abiria aliyegeuka kwamba hakuna kilichovunjika, kana kwamba yeye ndiye aliyezuia.

Basi wakaja wa kunipa pole. Naomba nisiwe na adabu kwa aya moja. Alikuja jirani aliyewahi kuteguka kifundo cha mguu, akasimulia mguu wake hadi chai ya pili. Alikuja mwalimu wa shule ya msingi, akaniambia nijifunze kuandika kwa kushoto, rahisi tu, akaondoka bila kuonyesha. Walikuja wanakwaya wakaimba nyimbo tatu, wakataka kunishika mkono wote kwa zamu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naweza kufunga kifungo cha blauzi. Sikuweza. Nilikuwa nalala na blauzi.

Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye nyumba moja, alikuwa na swali lake: ngoro zangu zitachimbwa na nani. Swali la pili lilikuwa chakula. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki tonge, na wa kushoto haukuruhusiwa kuingia kwenye sahani ya wote. Nilitengewa bakuli na kijiko, nikakaa pembeni kidogo ya mkeka, kama mgeni ambaye hajaeleweka kaja kufanya nini. Sikulalamika. Nilikuwa nakubaliana nao, hilo ndilo linalonikera nikikumbuka.

Ngoro zilichimbwa. Baba Faraja alikuwa anaamka kabla ukungu haujainuka, anachimba na kufukia kazi ya mwanamke, na watu wakianza kupita njiani tayari ameketi kwenye jiwe na panga, kama mtu aliyekuja kufyeka. Nililijua hilo kwa sababu ya matope kwenye magoti ya suruali. Jirani mmoja alipomuuliza nani kachimba, alijibu, "Mama Faraja. Anachimba kwa kushoto."

Mama mkwe aliposikia, alisema, "Kumbe anaweza."

Mume wangu alikuwepo. Alitazama nje. Mtu huyu alinichimbia shamba zima kwa ajili yangu, kisha akanikana kwa sentensi mbili ili asionekane na jembe. Siku hizi nayaweka yote mawili kwenye mizani, na mizani haitulii.

Mwezi wa Aprili mama mkwe alimwita mtaalamu wa kuunga mifupa kutoka kijiji cha pili. Kwa mguu uliovunjika mzee huyo namheshimu, nimeona watu aliowafunga mianzi wakitembea. Lakini mkono wangu haukuwa mguu. Alinishika, akafumba macho, akasema mshipa umepanda juu ya mwenzake. Dawa ilikuwa kitambaa cha moto, mafuta ya nyonyo, na kuvutwa. Alinivuta asubuhi tatu kila wiki, hadi maharage yakatoa maua.

"Lia, Mama Faraja," alikuwa ananiambia. "Ukilia ndiyo unashuka."

"Umeshuka kiasi gani?"

"Umebaki kidogo."

Ilikuwa inabaki kidogo kila mara. Mimi, ninayejisifu kwamba shahidi mwongo namjua kwa anavyokaa kwenye benchi, nilikaa kwenye kigoda wiki baada ya wiki nikimpelekea mkono mwenyewe. Nikimdharau mtu katika habari hii, lazima nianze na mimi.

Aliyetukatiza ni dada yangu Skola. Ameolewa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na anauza usipa, wale dagaa wa ziwani. Alipanda milimani kwa ajili ya komunyo ya mtoto wa ndugu yetu. Alinikuta kwenye kigoda, mzee amenishika. Hakusalimia mtu. Alichukua viganja vyangu vyote viwili, akavigeuza juu, akaviweka kimoja kando ya kingine.

"Gusisha dole gumba na kidole cha mwisho."

Wa kushoto uligusa. Wa kulia haukufika.

"Mnaona hapa?" Alikuwa anaonyesha nyama iliyo chini ya dole gumba. Ya kushoto ilikuwa imejaa. Ya kulia ilikuwa imebonyea kama tunda lililolaliwa. "Mkono umeanza kufa, nanyi mmekaa mnaukanda kama unga."

Baba Faraja alisema, "Dada, tulikuwa tunangoja uvimbe upungue."

"Uvimbe gani, shemeji? Hapa hata nyama haipo."

Mama mkwe alisema huyo mzee ndiye aliyemponya mwanawe mguu. Dada Skola alimpigia magoti kidogo, kama inavyopasa, akasema, "Shikamoo, mama. Mguu namshukuru. Huu naondoka nao." Na kweli, Jumatatu tukaondoka.

Alinipeleka hospitali kubwa upande wa Songea. Kule nilikaa kwenye mabenchi siku mbili, na nawaambia mtakaokaa: bebeni khanga ya kukalia na msimpe mtu kadi yenu awashikie. Nilikuwa naandika kichwani. Mtu aliyevunjika paja alikuwa anawacheka wa mikono. Wa mikono walikuwa wanamcheka aliyeumwa na nyani. Kila benchi lilikuwa na mtu anayejua dawa ya kila mtu isipokuwa yake.

Daktari bingwa wa mifupa alikuwa mtu wa Mara, amehamishiwa huku, anaongea kama anayegombana. Aliitazama picha yangu ya Mbinga, akaigeuza nyuma kutafuta nyingine.

"Ya ubavuni iko wapi?"

"Ni hiyo moja."

Aliiweka mezani. Akanipeleka mwenyewe chumba cha picha, mkono ukasimamishwa kwa ubavu wake. Picha ilipotoka alinionyesha kwa kalamu. "Mfupa huu mdogo hukaa kama bakuli lililotulia. Lako limepinduka, limemwaga, limekalia mshipa wa fahamu. Hakuna kilichovunjika, aliyekuambia hivyo hakudanganya. Ila kila kitu kimehama. Tangu lini?"

"Machi."

"Hii ni Juni, mama. Ungekuja wiki ileile, kazi ingekuwa nyepesi."

"Nitaandika?"

"Sijui. Nikikuambia utaandika, nitakuwa naongopa. Nitaufungua, nitarudisha mifupa, nitaishikilia kwa waya. Ikikataa kurudi, nitatoa baadhi. Kukunja kama zamani sahau."

Ilikuwa sentensi ya kwanza tangu nianguke ambayo ningeweza kuiandika daftarini bila kuweka alama ya kuuliza pembeni. Nilisaini kwa dole gumba la kushoto, mimi ambaye nimewapaka wino wazee wa kata nzima.

Walinichoma sindano kwapani. Mkono ukaondoka, niliuona lakini haukuwa wangu. Waliweka pazia la kijani tusionane. Nilisikia mashine ya kutoboa, ile ile sauti ya fundi seremala, na nilisikia mazungumzo. Muuguzi mmoja alikuwa anadai kwamba zamu ya kuleta maandazi haikuwa yake.

"Ilikuwa yako, Dokta shahidi," mwenzake akamjibu.

"Mimi nashikilia mfupa. Msinitie kwenye maandazi."

"Mama, usisikilize huku," muuguzi akaniambia.

"Ndiyo kazi yangu," nikamjibu. Walicheka, na mashine ikaendelea. Kisha mashine ikazimwa. Nilihesabu matone ya dripu. Mwishowe daktari akasema, "Umerudi," akiuambia mfupa, si mimi. Nililia pale, kimyakimya, maana hapakuwa na anayenitazama.

Nilikaa na plasta na waya nne hadi kahawa ilipokuwa inaiva nyumbani na baridi ya Julai imefunga milima. Vichwa vya waya vilikuwa vinachoma chini ya ngozi kama mbegu. Plasta ilinuka. Nilikuwa nachokonolea kwa njiti ya fagio, na muuguzi akanigombeza. Baba Faraja alijifunza kunifunga kilemba. Alikuwa anakikaza mno, nilishinda na kichwa kinagonga, na sikumwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake ya kuomba radhi, nisingeirekebisha.

Siku ya kutoa waya, plasta ilipopasuliwa, niliona mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa mwembamba, wenye vinyweleo, ngozi inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa, makovu mawili, moja mgongoni na moja kiganjani. Kifundo kilikuwa kigumu kama mpini. Lakini ganzi ilikuwa imetoka kwenye dole gumba, na kidole cha pili kilikuwa kinawasha, kuwasha kutamu sana. Mtaalamu wa mazoezi alinionyesha ya kufanya, akasema baridi ya milimani haitanisaidia. Dada Skola akasema, "Tunashuka ziwani." Mama mkwe aliuliza nani atachuma kahawa. Dada akaenda kufunga mzigo wangu.

Liuli nilikaa Agosti hadi Oktoba. Asubuhi nilisimama majini hadi kiunoni, nikazungusha mkono ndani ya maji, juu chini, kushoto kulia, hadi machozi yakatoka. Baadaye dada alinipa beseni la usipa waliokauka nichambue mchanga na vijiti. Nilidhani ananihurumia. "Ni kazi," alisema. "Usipochambua leo hatuuzi kesho." Kushika samaki mdogo kama kijiti kwa vidole viwili, kumwinua, kumweka upande mwingine: siku ya kwanza nilimshika mmoja akaanguka, nikamshika akaanguka. Wanawake wa pale ufukweni walinitazama.

"Katibu, huyo samaki amekushtaki nini?"

"Mwache. Anamhoji."

"Basi amwachie kwa dhamana, jua linazama."

Nilicheka mpaka nikamwangusha tena. Hao ndio watu pekee ambao kejeli zao ziliniponya. Hawakusema ni mkono tu. Mkono walikuwa wanaujua, nao wanaishi kwa mikono. Kufikia mwisho wa Septemba nilikuwa naweza kuchambua nusu beseni, na Oktoba nikaomba karatasi. Kalamu ilikuwa nyembamba mno kwa vidole vyangu, nikaichomeka ndani ya kipande cha gunzi la hindi. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa kama ya mtoto wa chekechea, na ilitetemeka.

Kwa wewe uliyeanguka wiki hii, ninayo haya machache tu. Daima dai picha ya pili, ya ubavuni, hata ukionekana mkorofi. Vidole vikifa ganzi, usikubali kuambiwa ni uvimbe na mtu ambaye hakuvigusa. Mwenye kuvuta mkono usioeleweka, mzuie, hata akiwa ameletwa na mama mkwe. Na mkono wako uweke kando ya mwenzake kila siku, uutazame mwenyewe. Mimi nilichelewa, na hadi leo kifundo changu kinakunja nusu, kinatabiri mvua, na hakiwezi jembe.

Novemba nilirudi barazani. Mwenyekiti alikuwa amemweka mtoto wa shemeji yake kuandika. Niliomba daftari. Ukurasa mmoja mzima wa shauri la mirathi ulikuwa na mstari mmoja: "Pande zote zilisema mengi." Nilifunua ukurasa wa pili. "Walisema mengi tena."

"Mama Faraja," Mwenyekiti alisema mbele ya wajumbe, "pole sana. Tunakuthamini. Ila kazi hii inataka mkono. Ungepumzika."

"Naomba kikao kimoja. Nikishindwa nitaandika barua ya kuacha, na nitaiandika kwa mkono huuhuu."

Hakuwa na namna ya kukataa mbele za watu. Shauri lilikuwa la majirani wawili wanaogombea mfereji wa maji ya kuoshea kahawa. Mdai akaanza kwa mbio zake, kama wanavyoanza wote. Nikainua kalamu ya gunzi.

"Baba, sema maneno kumi, unyamaze. Nikiinua kichwa, endelea."

Alishangaa, akafanya. Mdaiwa akataka kumkatiza. "Nawe utapata kumi yako," nikamwambia. Sijawahi kusikia baraza lile likiwa kimya namna ile. Watu waliolazimika kungoja walianza kusikia walichokuwa wanasema wenyewe. Mdai alifika maneno yake ya nane, akasita, akasema, "Hapana, hilo la kunitukana lifute, hakunitukana."

Tulipofika nusu, Mwenyekiti alikuwa ameshatazama saa yake mara nyingi. Alimgeukia mjumbe wa kando, akasema kwa sauti ambayo aliitaka isikike, "Tutazeekea hapa kwa ajili ya mkono mbovu."

Niliandika. Ilinichukua muda.

Kikao kilipokwisha nilisimama nikasoma kumbukumbu zote, kama taratibu zetu zinavyotaka, mstari kwa mstari, hadi nikafika pale. Nilisoma kwa sauti ileile ya mistari mingine. "Mwenyekiti: Tutazeekea hapa kwa ajili ya mkono mbovu."

"Hilo toa," alisema.

"Umelisema ndani ya kikao, Mwenyekiti."

"Nilikuwa naongea na mwenzangu."

Yule mdaiwa wa mfereji, ambaye hana sababu yoyote ya kunipenda, alisema kutoka kwenye benchi, "Mzee, umesema. Hata mimi nimesikia."

Mjumbe wa kando alikuwa anatazama dari. Nilisukuma daftari mbele ya Mwenyekiti, mahali pa sahihi. Mkono ulikuwa unaniuma kuanzia kifundoni hadi begani na vidole vilikuwa vimekaza juu ya kalamu, sikuweza kuvifungua haraka hata kama ningetaka. Alisoma ukurasa wote, pengine kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti. Akatoa kalamu yake mfukoni. Akasaini.

Niligeuza ukurasa, nikaandika namba ya shauri linalofuata, nikawaomba waingie.